Habari za Hamidu Mjichoma-Tumbo na Kuzingirwa kwa Choo cha Zahanati

Nyamazeni, enyi watu wa Chang'ombe, nanyi mlioko Busi mnaopepeta alizeti, nanyi wa Kongwa mliokuja mjini kwa shughuli zenu. Zimeni redio, lazeni simu kifudifudi, mwenye mtoto anayelia ampe titi, na mwenye kikohozi akikohoe chote sasa hivi kiishe. Yatakayosimuliwa hapa si mambo ya wafalme waliogombea miji, wala ya majemadari waliovuka mito kwa ndovu. Hao wana wasimulizi wao, nao wametuchosha vya kutosha. Hapa inasimuliwa habari ya sindano mbili, moja ya mume na moja ya mke, jinsi ile ya kwanza ilivyoingia pasipo kelele, na ile ya pili ilivyotaka kuangusha ndoa, safari na heshima ya ukwe kwa asubuhi moja. Ewe ulimi, usiteleze; nawe koo, usikauke; maana mambo ni mazito na maji ya Dodoma yana chumvi.

Alikuwako mjini Dodoma mtu mmoja, Hamidu mwana wa Msafiri, mzaliwa wa Busi ya Kondoa, muuza mafuta ya alizeti, bwana wa madumu ya njano, mpima-lita mashuhuri, ambaye kibanda chake cha Chang'ombe kilijulikana kwa mafuta masafi na mazungumzo marefu. Mtu huyu alikuwa na adui. Adui mwenyewe hakuja na ngoma wala tarumbeta. Alimwingia mwilini kimyakimya, akamkausha koo, akampeleka msalani kila mara, na alipokuja kutambuliwa hospitali alikuwa ameshajenga na hana nia ya kuhama. Jina lake Kisukari. Hamidu alipoambiwa alilia kutwa nzima, kisha akanawa uso, akatwaa silaha. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai isiyo na sukari, na kila jioni kabla ya ugali wa kupimiwa, shujaa alifungua vifungo, akalibana tumbo lake kwa vidole viwili, akajichoma insulini kwa mkono wake mwenyewe, huku ametulia kama mtu anayesubiri gari la Kondoa. Kwa hiyo watani wakamwita Mjichoma-Tumbo, naye jina hilo akalivaa kama joho. Mkewe Batuli, binti wa Rukia, nuru ya nyumba na radi ya nyumba hiyohiyo, saa ya sindano ikifika alikuwa na desturi ya kukumbuka jambo jikoni, na Hamidu aliichukulia desturi hiyo kuwa ni staha.

Ikawa katika mwaka huo wawili hawa wakapata nafasi ya kwenda Hija. Batuli aliitamani Makka tangu akiwa msichana wa Busi anayefukuza ndege shambani. Aliitaja alipoolewa, aliitaja alipomzaa Tabu, binti yao wa kwanza, na aliitaja kila alipogombana na mumewe, kwamba laiti angekuwa Makka asingekuwa anamtazama yeye. Sasa safari imepatikana, mabegi yamefungwa kamba za rangi, kanzu mpya zimeshonwa. Ndipo likaja tangazo la kiongozi wa kundi lao la mahujaji, likasomwa msikitini na kurudiwa kwenye simu: kila msafiri achanjwe homa ya uti wa mgongo, na mwenye maradhi ya kudumu azungumze kwanza na daktari wake. Asiyechanjwa hasafiri.

Hapo shujaa akaogopa. Msije mkadhani aliogopa sindano. Mtu aliyelitoboa tumbo lake mwenyewe miaka yote hiyo hawezi kushtushwa na ncha ya chuma. Aliogopa kilichomo. Mtaani walisema chanjo na sukari haviivi chungu kimoja, kwamba sukari itaruka, kwamba miguu itavimba, kwamba mtu ataanguka ugenini na kuzikwa na watu wasiomjua jina. Na kuliko yote hayo aliogopa jambo moja ambalo hakumwambia mtu: kwamba ugonjwa wake ndio utakaomnyima Batuli safari yake. Ulikwisha kumnyima mengi, maskini. Nyumba nzima ilikunywa chai chungu kwa ajili ya Hamidu, na harusini Batuli alikaa kumlinda mumewe asiguse visheti, wakati wenzake wanacheza. Akiikosa na Makka kwa sababu ya mwili wa mumewe, Hamidu alijua hataweza tena kumtazama usoni.

Batuli akasema, "Baba Tabu, tusikurupuke. Wewe una sukari. Tuite kikao."

Enyi msikiao, mmewahi kuona kikao cha familia cha watu wa Kondoa? Hufunguliwa kwa dua, kina mwenyekiti, kina yatokanayo hata kama hakuna kilichotokana, na hakifungwi mpaka kila mtu aseme alichokwisha kusema mwenzake. Wakakusanyika sebuleni kwa Hamidu. Juu ya kiti cha enzi, yaani kile cha plastiki chenye mikono yote miwili, akaketi Mzee Abubakari, baba mdogo wa Hamidu, mwenyekiti wa vikao vyote vya ukoo, ambaye alipata kuahirisha hata msiba. Mlangoni akaketi Bartolomayo, Mgogo, jirani na mfugaji, aliyekuja kuazima pampu ya baiskeli akaombwa akae kwa sababu akidi haikutimia.

Mzee Abubakari akasimama, akakohoa kikohozi cha kiongozi, akanena: "Ndugu wajumbe. Mwili wa mwanadamu ni nyumba. Katika nyumba ya mwanangu Hamidu anakaa insulini, ambaye ndiye mke mkubwa. Leo tunataka kumletea mke mdogo, naye ni chanjo, chumba kilekile, kitanda kilekile. Nawauliza wajumbe: nani atalala?"

Wajumbe wakaguna kwa hofu, maana hoja ilikuwa imesimama.

Bartolomayo akainua mkono. "Mwenyekiti, mimi ng'ombe zangu zote zinachanjwa. Kuna mmoja dhaifu dhaifu, huyo ndiyo namtanguliza. Homa ikiingia zizini, dhaifu ndiye anaanza kufa."

"Hamidu si ng'ombe," akasema Mzee Abubakari.

"Kweli, mzee. Ng'ombe anatulia."

Basi vita vya maneno vikapamba moto. Shangazi mmoja akatoa ushahidi wa mtu aliyechanjwa akaota jino jipya uzeeni; mwingine akapinga kwamba mtu huyo alikuwa wa Babati, na wa Babati hawahesabiwi. Katikati ya mapambano Batuli akasimama, akautengeneza mtandio wake, akasema kwa upole uliowashangaza wote waliomjua: "Wazee wangu, Makka naipenda. Lakini mume wangu nampenda zaidi. Kama chanjo itamdhuru, basi safari tuiache. Mwaka ujao si mbali. Hata nisipokwenda kabisa nitasema ni kwa ajili ya sukari ya Baba Tabu, na Mungu ataelewa."

Mashangazi wakatokwa machozi. Mzee Abubakari akaahirisha kikao mpaka tarehe itakayotangazwa. Lakini maneno yale yalimchoma Hamidu kuliko sindano zote alizowahi kujichoma, akaona haya mbele ya ndugu zake, akajifanya anatafuta pampu ya baiskeli.

Kesho yake, pasipo kumuaga mwenyekiti, shujaa akapanda bajaji peke yake mpaka kliniki ya sukari, akasimama mbele ya Daktari Denis, kijana mpole aliyekuwa akimhudumia siku zote. Akaunyoosha mkono kuelekea dirishani, akanena: "Daktari, nimekuja kuuliza neno la uhai na mauti. Je, mwili huu uliosalitiwa na kongosho lake wenyewe, uliotobolewa na ukazoea kutoboka, waweza kumpokea mgeni mwingine asivunje vyombo? Niambie kweli, wala usinionee huruma."

"Umekunywa chai, mzee?" akauliza daktari, huku akimtoboa kidole apime.

Alipoiona namba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mzee Hamidu, aliyekuambia usichanjwe kwa kuwa una sukari amegeuza mambo. Wewe ndiye unayeihitaji zaidi. Kule mtabanana watu wa dunia nzima, na mwenye sukari akipata maambukizi yanamsumbua kuliko mwenzake. Kweli, zipo chanjo ambazo baadhi ya wagonjwa hatuwapi, ndiyo maana mnaambiwa muulize kwanza. Hii haimo. Sukari inaweza kupanda kidogo siku moja mbili, utapima mara nyingi zaidi, basi. Mimi hofu yangu ni miguu yako na lile joto. Usitembee peku. Na insulini utaibeba mkononi pamoja na barua yangu, isiingie kwenye mabegi ya chini ya ndege."

"Kwa hiyo sitakufa?"

"Utakufa, mzee. Sote tutakufa. Ila si kwa hii."

Hamidu akatoka pale mwepesi, akawasalimia watu asiowajua. Alipofika nyumbani akamwambia mkewe jikoni, "Daktari ameruhusu. Makka utaiona." Batuli akasema alhamdulillahi, kisha akadondosha sufuria.

Siku ya chanjo ya mahujaji ikafika, nayo ilikuwa ya mwisho. Shujaa akavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, akatangulia kifua mbele. Nyuma yake akafuata Batuli kwenye baibui jeusi, kimya, yeye ambaye kwa kawaida huongea hata na mlango. Nyuma yao wote akaja Bartolomayo, aliyesema anapita tu, ila alitaka kuona kama Hamidu atatulia.

Ndani ya zahanati aliketi Sista Yudith, mwenye mkono mwepesi, mlinzi wa boksi la barafu, mwanamke aliyechanja watoto wa wilaya nzima na kurushiwa mateke na wote. Hamidu akaketi mbele yake, akapandisha mkono wa kanzu mpaka begani, akafumba macho, akaanza hotuba aliyoitunga tangu alfajiri: "Sista, bega hili unaloliona ni bega la wazee wangu. Babu yangu alibebea gunia, baba yangu alibebea jeneza, nami leo, mbele ya watu hawa, nalitoa liwe—"

"Tayari, mzee. Shikilia pamba."

Hamidu akafumbua jicho moja. Bartolomayo, aliyekuwa ameshika kiti kwa wasiwasi, akakiachia akapumua. Hivyo ndivyo ilivyoisha sindano ya kwanza, na kama habari ingekuwa hiyo tu, msimulizi angeona haya kuwanyamazisha watoto wenu.

"Anayefuata," akasema Sista Yudith. "Mama Batuli."

Benchi lilikuwa tupu. Mkoba ulikuwapo, kiatu kimoja kilikuwapo, mwenyewe hakuwapo. Bartolomayo, ambaye macho yake yamezoea kutafuta mifugo iliyopotea, akaelekeza kidevu upande wa uani. Huko ndiko kulikuwa na choo cha zahanati, choo kimoja kwa umma wote, chenye mlango wa bati na komeo la ndani, na komeo lilikuwa limefungwa.

Basi kikaanza kuzingirwa choo. Mbele ya ngome ile likakusanyika jeshi, na kila askari alikuwa na sababu yake: akina mama wajawazito waliokwisha kupewa vikopo vya kipimo cha mkojo, wazee wenye haraka za wazee, na bwana mmoja wa tumbo la kuendesha ambaye hakuchangia neno, alisimama tu ameegemea ukuta anaomba kimoyomoyo. Wakabisha, ngome haikujibu. Wakabembeleza, ngome ikasema, "Kuna mtu."

Hamidu akajipenyeza mpaka mlangoni. "Mama Tabu, tumbo linakusumbua?"

"Halinisumbui."

"Sasa umeshikwa na nini?"

"Nimeshikwa na choo. Nendeni zenu."

Akaja Sista Yudith, mikono kiunoni. "Mama, gari linanisubiri nipeleke dawa hizi kwingine. Nikifunga boksi nimefunga, na wewe hakuna Hija. Nakuomba."

Kisha ikasikika sauti ndogo, ambayo Hamidu hakuwahi kuisikia kwa mkewe tangu amjue. "Baba Tabu, uko peke yako?"

Hamidu akageuka, akawaona watu wote na vikopo vyao. "Niko peke yangu," akasema.

"Naogopa sindano."

"Wewe?"

"Sijawahi kuitazama. Hata ya kwako. Kule jikoni huwa sina kazi yoyote, huwa nimesimama nimefumba macho mpaka nisikie umefunga vifungo. Walipotangaza chanjo nikasema, aa, Baba Tabu ana sukari, wazee watakataa, na mimi nitapona. Ndiyo maana niliita kikao. Nilitaka safari ivunjike kwa jina lako, mume wangu, na watu wanihurumie. Ndiyo hivyo. Sasa niache nife humu humu."

Wenye vikopo wakatazama chini kwa aibu isiyo yao. Hamidu mwenyewe akasubiri hasira ije, maana alistahili kukasirika, na mtu mwingine yeyote angeupiga mlango ule teke. Hasira haikuja. Ilikuja furaha, tena kubwa mno, ikampanda kutoka miguuni mpaka kooni. Kwani kwa mara ya kwanza tangu adui amwingie mwilini, shida iliyokuwa nyumbani kwake haikuwa yake. "Si mimi," akanong'ona. Halafu akapaza sauti, "Jamani, si mimi!" na bwana wa tumbo la kuendesha akamtazama kwa chuki.

"Fungua, Mama Tabu," akasema Hamidu. "Mimi ndiye bingwa wa sindano. Uje kwangu, tutaimaliza wote wawili."

Komeo likalia. Batuli akatoka na kiatu kimoja, na kabla hajavuta hatua, yule bwana akampita kwa kasi ambayo haijapata kuonekana kwenye zahanati ile, akaingia, akafunga. Kwa namna hiyo ngome ikaanguka, na njia ya kurudi nyuma ikazibwa.

Lakini vita vilikuwa havijaisha. Batuli akaketi, akasogezewa pamba, akasimama. Akaketi tena, akaiona sindano, akashika mlango. Hamidu akamfundisha hazina yote ya sanaa yake: pumua kwa pua, chezesha vidole vya miguu, tazama kalenda ukutani. Batuli alipumua, alichezesha, alitazama, na akasimama. Sista Yudith akashusha pumzi, akaweka mkono juu ya kifuniko cha boksi.

Hapo shujaa akafikiri kuliko alivyowahi kufikiri. Alimjua mkewe: kifuani mwa Batuli hofu na hasira hazijapata kukaa pamoja, na hasira ikiingia kila kingine hutoka chenyewe. Ilihitajika hasira, tena hasira kubwa. Akiutukana upishi wake, alikwisha kuzoea. Akimtukana kaka yake Hasani, angemuunga mkono. Ilibaki silaha moja tu, silaha ambayo mwanamume wa Busi haruhusiwi kuichomoa mpaka anaingia kaburini. Kwa maana mkwe mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mama mkwe, na hukisifia kila anachopika hata kikiungua. Hamidu alijua ataulipia mdomo wake. Aliangalia kile kifuniko kinavyoshuka, akavuta pumzi.

"Mama Tabu," akasema kwa sauti iliyosikika mpaka dirisha la dawa, "kwa kuwa leo ni siku ya ukweli, nami nina langu. Mlenda wa mama yako, tangu siku ile nilipokuja kuposa, haukuvutika."

Bartolomayo, ambaye kwao pia mboga ya mlenda kuvutika ni jambo la heshima ya ukoo, akavua kofia.

Batuli akageuka polepole. "Umesema nini?"

"Yalikuwa maji ya kijani. Na magadi alizidisha."

Lo! Batuli akaketi vizuri, akainua kidole, na radi ya Busi ikapiga. "Wewe Hamidu! Wewe wa Msafiri! Wewe uliyekuja kwetu na shati la kuazima na shingo kama ya kuku mwenye kideri! Mlenda wa Rukia? Mlenda ulioleta wageni kutoka Kolo na Haubi wakisingizia wamepotea njia? Mlenda alioula mwadhini akachelewa kuadhini? Si wewe uliyekomba bakuli, ukalamba kidole mbele ya wajomba zangu, ukasema mama nitilie tena? Leo mdomo huohuo—"

"Tayari, mama," akasema Sista Yudith.

"Nyamaza sista, sijamaliza! Mdomo huohuo leo unathubutu kusimama mbele za watu na kusema magadi? Magadi? Mama yangu apime magadi kwa kipimo chako wewe unayepima mafuta kwa kikombe kilichobonyea?"

Akaendelea hivyo mpaka mama yake alipopata haki, na bibi yake, na shamba lao, na ng'ombe wao wa maziwa aliyekwisha kufa. Boksi likafungwa, gari likawashwa. Aliponyamaza avute pumzi ndipo akaiona pamba iliyobandikwa begani kwake. Akaitazama. Akamtazama mumewe.

"Ni nini hii?"

"Makka," akasema Hamidu.

Sasa sikilizeni gharama ya ushindi huo. Batuli, bega likiwa bado linauma, alimpigia mama yake simu palepale kwenye benchi, akamweleza yote kuhusu mlenda na asimweleze lolote kuhusu choo. Hata bajaji haijafika Chang'ombe, Busi nzima ilikuwa imeshajua alichosema mkwe. Na mnajua desturi ya anayekwenda Hija: haondoki mpaka ameomba radhi kwa kila aliyemkosea, awe wa karibu au wa mbali. Hamidu akazunguka. Wateja wakamwia radhi ya vipimo. Mzee Abubakari akamwia radhi ya kumwona daktari pasipo azimio la kikao. Bartolomayo akamwia radhi ingawa hakumkumbuka kosa lolote. Akabaki mama Rukia, na radhi ya mama mkwe haiombwi kwenye simu.

Wakapanda kwenda Busi, kwenye dua ya kuwaaga. Ukoo wote umejaa uani. Mama Rukia ameketi juu ya mkeka, mgongo wima, na mbele yake kuna bakuli la mlenda na ugali. Na ugali wenyewe ulikuwa ukubwa wa kiganja, kwa sababu mama mkwe alikasirika lakini hakuisahau sukari ya mkwewe.

"Shikamoo, mama," akasema Hamidu, macho chini.

"Marahaba. Kula."

Hamidu akamega tonge, akachovya, akainua. Mlenda ukamfuata. Akainua mkono mpaka kidevuni, mpaka kwenye kofia, na mlenda bado unamfuata, ukoo mzima umeinua macho.

"Unavutika?" akauliza mama Rukia.

"Unavutika, mama. Unavutika mpaka Kondoa mjini. Nilisema uongo, tena kwa makusudi. Niwie radhi."

"Mtu mzima hasemi uongo wa makusudi bila sababu. Sababu yako nini?"

Hapo shujaa akanyamaza, maana sababu ilikuwa siri ya mkewe, na siri hiyo hakuwa tayari kuitoa hata kwa Makka. Mzee Abubakari, ambaye hawezi kuuona ukimya bila kuujaza, akasimama kumuokoa. "Mama Rukia, msamehe mwanangu. Ni sukari. Sukari humharibu mtu ulimi asijue ladha. Sukari hiyohiyo ndiyo nusura ituvunjie safari hii, kama wajumbe mnavyokumbuka. Tumwombee mgonjwa wetu." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, ile huruma ambayo Hamidu aliijua vizuri, akainamisha shingo kuipokea.

Batuli akasimama.

"Si sukari," akasema. "Ni mimi. Nilijifungia kwenye choo cha zahanati kwa kuogopa sindano, watu wakabaki wameshika vikopo. Kikao nilikiita mimi, ili nisichomwe. Baba Tabu alikutukana wewe, mama, ili nikasirike nichomwe bila kujua. Nimewaacha mumlaumu mume wangu kwa ugonjwa wake, na ugonjwa wake safari hii haukufanya kosa lolote. Naomba radhi mimi. Yeye msimdai radhi yoyote."

Hamidu akainua kichwa, akawatazama ndugu zake mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa akimhurumia. Walikuwa wakimtazama Batuli, na wengine walikuwa wameanza kuziba midomo. Mabega ya mama Rukia yakatikisika. Kisha akacheka, akacheka mpaka mtandio ukaanguka, mpaka Mzee Abubakari akaketi bila kuahirisha kitu.

"Nilijua mlenda wangu hauna shida," akasema alipopata pumzi. Akamgeukia mkwewe. "Nimekuwia radhi, duniani na akhera. Sasa nisikilize. Uoga huu mimi ndiye niliyemrithisha. Wameniandikia sindano ya goti, na nimeshaikimbia. Ukirudi Makka salama, njoo unisindikize. Marehemu mume wangu alikuwa na masikio makubwa sana. Anza na hayo."

Basi na ijulikane kwa walioko na watakaokuja, kutoka Busi mpaka Kongwa na popote wanapokula ugali kwa mlenda, kwamba katika mwaka ule mahujaji wawili wa Chang'ombe walipanda ndege wamechanjwa wote wawili, insulini mkononi, barua ya daktari mfukoni, mke dirishani, ndege nayo akiiogopa, na mume akimshika mkono. Na wajukuu wakiuliza ni nani aliyeiteka ngome ya bati, akaishinda hofu pasipo kumwaga damu ila tone moja, wasitajiwe majemadari. Watajiwe Hamidu mwana wa Msafiri, Mjichoma-Tumbo, bingwa wa sindano, mtukana-wakwe kwa idhini.